Tumwinue Mgonjwa: Mazoezi Kabla na Baada ya Kupasuliwa



Wapendwa wasomaji, ukurasa wa afya wa mwezi huu tunauandika kutoka Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, na tunauandika tukiwa na jambo linaloisumbua dhamiri yetu.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi seremala, alipasuliwa kwa sababu ya ngiri iliyojikaza. Upasuaji ulikwenda vizuri, na siku ya nne aliruhusiwa kurudi nyumbani. Tulimpokea kwa furaha. Tukapanga zamu: wa kumpikia uji, wa kumnawisha, wa kukesha naye, wa kuongoza rozari jioni. Kila alipojaribu kuinuka tulimrudisha mtoni tukisema, "Pumzika, mzee wetu, mshono utafumuka." Naye alitii. Wiki ya pili alianza kukohoa, kikohozi kidogo alichokizuia kwa sababu tumbo lilimuuma. Ikafuata homa, kisha pumzi ya kukatika. Tulipomrudisha hospitali tuliambiwa ni nimonia, na hakurudi tena nyumbani. Wale waliomwosha walitueleza kwamba kidonda chake kilikuwa kimefunga vizuri kabisa.

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba angepona kama angetembea. Uhai ni wa Mungu. Lakini tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza swali moja: je, katika siku zile zote tulizokaa kando yake, ni nani kati yetu aliyemshika mkono ili asimame? Hakuna. Tulimpenda, tukamlaza.

Maoni yetu ni haya. Mazoezi si nyongeza ya upasuaji. Ni sehemu ya upasuaji wenyewe, kama vile dawa ya usingizi na uzi wa kushonea. Huanza kabla ya kisu na hayaishi mpaka mgonjwa amerudi kwenye kazi zake. Na kwa kuwa wataalamu wa mazoezi ya viungo ni wachache, nao wengi wako mjini, kazi hii haina budi kuwa ya familia na ya jumuiya, kwa maelekezo ya wataalamu hao.

KULALA SIKU NYINGI SI KUPUMZIKA

Wengi wetu tunadhani kwamba mwili ukilala haupati madhara. Tuangalie yanayotokea ndani.

Kwanza ni mapafu. Mtu aliyepasuliwa tumbo au kifua huogopa kuvuta pumzi ndefu kwa sababu inauma. Hivyo hupumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu hazipati hewa, zinasinyaa, na makohozi yanatuama humo kama maji yanavyotuama katika mtaro uliozibwa. Vijidudu hupata mahali pa kuzaliana, na matokeo yake ni nimonia, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la kichomi.

Pili ni damu. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya miguu, hasa ile ya nyuma chini ya goti. Kila tunapopiga hatua misuli hiyo huisukuma damu juu. Mgonjwa akilala tuli, damu hupungua mwendo na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likichomoka na kufika kwenye mapafu, mtu aliyekuwa akizungumza asubuhi anaweza kufa kabla ya adhuhuri.

Tatu ni misuli. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee 11 wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Hao walikuwa wazima, wakila vizuri, na hawakupasuliwa. Itakuwaje kwa mzee wetu ambaye amepasuliwa, hana hamu ya kula, na anakunywa uji mwepesi tu?

Kuna habari nyingine ya kututafakarisha. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi 25 za Afrika, kwa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Ilionekana kwamba aliyepasuliwa Afrika yumo katika hatari ya kufa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu ni vijana zaidi kuliko wale wa ng'ambo. Na katika kila 100 waliofariki, zaidi ya 90 hawakufariki siku ya upasuaji. Walifariki katika siku zilizofuata. Ndugu zetu, siku hizo ndizo siku zetu sisi, tunaokaa pembeni ya kitanda tukiwa na chupa ya chai na bakuli la mtori.

HATA MADAKTARI WALIAMINI HIVYO

Tusiwacheke wazee wanaosema mgonjwa asijitikise. Hospitali zenyewe zilifundisha hivyo. Huko Ulaya na Marekani, mpaka miaka ya 1940, aliyepasuliwa tumbo aliweza kuwekwa kitandani wiki mbili au tatu. Daktari Emil Ries wa Chicago aliandika tangu mwaka 1899 kwamba wagonjwa wake waliosimama mapema walipona vizuri, lakini wenzake wengi hawakumsikiliza. Ni katika miaka ya 1940, Daktari Daniel Leithauser wa Detroit alipowainua wagonjwa wake mapema, na vita vya dunia vilipojaza majeruhi mahospitalini, ndipo desturi ilipoanza kubadilika. Mwaka 1947 daktari Mwingereza, Richard Asher, alieleza hatari za kitanda, kiungo kwa kiungo, katika jarida la madaktari wa nchi yake. Na tangu miaka ya 1990 mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, ameonyesha kwamba mgonjwa akiandaliwa mapema, akitulizwa maumivu, akala mapema na kutembea mapema, hurudi nyumbani mapema.

Kumbe basi, tunachokishika kama desturi yetu ya huruma kilikuwa pia mafundisho ya hospitali ambayo hospitali yenyewe imekwisha kuyaacha. Sasa ni zamu yetu kuyaacha.

Tunaweza kujifunza pia kwa mababa wetu wa imani. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeitembelea Tanzania mwezi Septemba 1990, alianguka bafuni mwezi Aprili 1994 akavunjika mfupa wa paja. Alipasuliwa Roma na kuwekewa nyonga ya bandia akiwa na umri wa miaka 73. Tangu hapo dunia ilimwona akitembea kwa mkongojo, nao haukumzuia kuendelea na safari zake. Papa Fransisko naye, alipolazwa kwa nimonia mwezi Februari 2025, taarifa za matibabu zilitaja mara kwa mara mazoezi ya kupumua na mazoezi ya viungo, ingawa alikuwa mzee wa miaka 88 na hali yake ilikuwa nzito. Mwezi Machi alirudi nyumbani kwake, na mwezi wa Aprili Bwana akamwita. Hata mgonjwa dhaifu kiasi hicho hakuachwa alale tu.

KABLA YA KUPASULIWA

Upasuaji mwingine ni wa dharura, na hapo hapana nafasi ya kujiandaa. Lakini mara nyingi mgonjwa hupewa tarehe: ngiri isiyojikaza, uvimbe wa kizazi, tezi, nyonga, jiwe la nyongo. Wiki hizo za kungoja tunazipoteza kwa hofu. Heri tungezitumia kama mvuvi anavyotumia siku za upepo mkali, akitengeneza nyavu zake ufukweni.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali 3 za Australia na New Zealand. Wagonjwa 441 waliokuwa wakingoja upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kijitabu cha kusoma. Kundi la pili lilipewa kijitabu hicho hicho, pamoja na dakika 30 tu za kukaa na mtaalamu wa mazoezi, ambaye aliwaeleza hatari ya mapafu na kuwafundisha kupumua. Baada ya upasuaji, katika kundi la kwanza watu 27 kati ya kila 100 walipata matatizo makubwa ya mapafu. Katika kundi la pili walikuwa 12 kati ya 100. Nusu saa ya mafunzo! Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna dawa ya kuagiza ng'ambo. Jambo hili linawezekana Kivunge, linawezekana Mnazi Mmoja, na linawezekana barazani kwetu.

Yafaa mgonjwa ayafanye haya, baada ya kumwuliza daktari wake kama moyo wake na ugonjwa wake vinaruhusu:

1. Atembee kila siku asubuhi na jioni, kwa mwendo wa kumfanya apumue kwa nguvu kidogo lakini aweze kuzungumza. Aanze na dakika 10, aongeze taratibu hadi 30. Ufukwe wetu wa Mkokotoni maji yakitoka hauna kiingilio.

2. Akae kwenye kiti imara kisha asimame bila kushika kitu, mara 10, mara mbili au tatu kwa siku. Mguu unaoweza kumwinua mtu kitini ndio utakaompandisha kwenye daladala siku ya kutoka hospitali. Na kwa ndugu zetu wa Tumbatu, mguu huo huo ndio utakaovuka ubavu wa mashua.

3. Ajifunze kuvuta pumzi ndefu kupitia puani mpaka mbavu zitanuke, aizuie kwa kuhesabu hadi tatu, kisha aitoe taratibu. Afanye mara 10.

4. Ajifunze kukohoa huku amekumbatia mto tumboni, na kuinuka kitandani kwa kugeuka ubavu kwanza, kushusha miguu, kisha kujisukuma kwa mkono. Mambo haya ni rahisi kuyajifunza kabla tumbo halijauma.

5. Aache sigara mapema kadiri awezavyo, wiki nne au zaidi kabla ya tarehe. Apimwe damu, sukari na shinikizo, na upungufu wa damu utibiwe. Ale chakula cha kujenga mwili: samaki, dagaa, maharage, mayai. Soko la samaki liko mlangoni petu. Isiwe samaki mzuri ni wa kuuza mjini tu na mgonjwa anabakiwa na mchuzi.

BAADA YA KUPASULIWA

Siku ya kwanza, kama mpasuaji hakukataza, mgonjwa aketishwe. Miguu ining'inie kando ya kitanda. Kama hana kizunguzungu, asimame akishikwa na watu wawili, akae kwenye kiti, apige hatua chache. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara 10 na akohoe akiwa amekumbatia mto. Vifundo vya miguu avipandishe na kuvishusha mara 20, hata akiwa amelala. Siku ya pili atembee mpaka mlangoni, ya tatu mpaka mwisho wa wodi, na kuendelea. Kuongeza kidogo kila siku ndiyo siri yenyewe.

Na mshono je? Hofu hii ni ya kweli, nasi hatuidharau. Lakini tufahamu kwamba nyuzi za ngozi tunazoziona siyo zinazolishikilia tumbo. Chini yake kuna utando mgumu uliofungwa kwa uzi wa nguvu, na uzi huo umekusudiwa kustahimili mtu kusimama, kutembea na kukohoa. Kinachouhatarisha ni usaha, ni kukohoa kwa nguvu bila kulishikilia tumbo, na ni kubeba mizigo. Ndoo ya maji ya lita 20, gunia la mchele, mtoto mkubwa, kusukuma ngalawa majini: hivyo vingoje wiki sita au zaidi, kadiri daktari atakavyosema. Kwa hiyo jirani mwema ampelekee mgonjwa ndoo ya maji, lakini amwache aende chooni kwa miguu yake.

Upasuaji haufanani wote. Aliyepasuliwa kichwa, moyo au uti wa mgongo, aliyeungwa mfupa baada ya kuanguka mnazini au kugongwa na pikipiki, hao wana masharti yao. Familia isibuni mazoezi. Iulize kabla ya kutoka wodini: "Mguu huu aukanyagie lini? Mkono huu aunyanyue kiasi gani?" Aliyewekewa nyonga ya bandia huenda akakatazwa kuchuchumaa kwa muda, na vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Jibu la tatizo hili si mgonjwa kubaki kitandani na beseni. Jibu ni kiti cha mbao chenye tundu, ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza. Marehemu mzee wetu angekitengeneza kwa nusu siku.

Ziko dalili ambazo zikionekana hatungoji asubuhi: mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti au chini yake, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma, homa, kidonda kutoa usaha au kufunguka. Mguu uliovimba hivyo usichuliwe kwa mafuta wala kukandwa kwa maji moto, maana kuuchua kunaweza kulichomoa bonge la damu. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

MZAZI ALIYEPASULIWA

Katika uchunguzi ule wa nchi 25, theluthi moja ya upasuaji wote ilikuwa ni wa akina mama kujifungua. Nyumba nyingi za parokia zetu zina mama wa namna hiyo, lakini hatumhesabu kama mtu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa. Mara nyingine tunamrudisha jikoni na ndoo kichwani baada ya wiki mbili. Mara nyingine tunamfungia chumbani siku arobaini, asitoke wala asiinuke. Yote mawili ni makosa.

Desturi ya arobaini ina hekima ndani yake: mzazi apumzike, alishwe, asifanye kazi ngumu. Hiyo tuishike kwa mikono miwili. Lakini kupumzika kazi si kutotembea. Damu ya mzazi huganda kwa urahisi zaidi kuliko ya mwanamke mwingine, na hatari hiyo inaendelea kwa wiki sita hivi. Basi atembee ndani ya nyumba na uani tangu siku ya kwanza. Na bibi zetu wanaokanda tumbo la mzazi kwa maji moto, tunawaomba kwa heshima zote: tumbo lenye mshono mbichi lisikandwe wala kufungwa kwa kanga ya kubana mpaka mkunga wa hospitali amelikagua.

MGUU ULIOKATWA NA MTO WA HURUMA

Kisukari kimewaondolea miguu ndugu zetu wengi. Hapa huruma yetu huja na mto laini. Tunauweka chini ya kigutu ili mgonjwa asiumie, naye anapata nafuu kweli. Lakini goti au nyonga ikikaa imekunjwa juu ya mto wiki baada ya wiki, mishipa inafupika na kiungo kinaganda pale pale. Mwezi wa tatu anapokwenda kupimwa mguu wa bandia, goti halinyooki, na mguu hauvaliki. Mto ule umemnyang'anya mguu wa pili.

Kigutu kilazwe kimenyooka. Mara kadhaa kwa siku, kama kidonda kinaruhusu, mgonjwa alale kifudifudi dakika 15 au 20 ili nyonga inyooke. Miguu ya bandia inatengenezwa nchini mwetu; Moshi kwenye hospitali ya KCMC kipo chuo kinachowafundisha mafundi wa kazi hiyo tangu mwaka 1981. Mguu unaweza kupatikana. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba ukipatikana utavaliwa.

MAUMIVU NA MSALABA

Wako waamini wanaokataa dawa za maumivu wakisema wanamtolea Mungu mateso. Nia yao ni njema, na Papa Yohane Paulo wa Pili katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso ya binadamu alionyesha thamani ya mateso yaliyounganishwa na Msalaba. Lakini Kanisa halijamkataza mgonjwa dawa. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaeleza madaktari waziwazi mwaka 1957 kwamba ni halali kutumia dawa za kutuliza maumivu. Mgonjwa asiyemeza dawa hapumui vizuri, hakohoi, hatembei. Tunashauri dawa aliyoandikiwa aimeze nusu saa hivi kabla ya mazoezi. Maumivu yatakayobaki, kwa maana yatabaki, hayo na ayatolee. Anayesimama akitetemeka, akapiga hatua tano kwa ajili ya watoto wake, naye amebeba msalaba.

NI KAZI YA NANI?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika baadhi ya nchi maskini na za kati wataalamu wa kuwarudisha wagonjwa katika hali yao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mkoa wetu wa Kaskazini Unguja peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 250,000 katika sensa ya mwaka 2022. Kutoka Mkokotoni mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 30, na mtu mwenye mshono hawezi kupanda gari kila siku kwenda kufundishwa kupumua.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu bila kuficha.

Kwa hospitali: mgonjwa asiingie chumba cha upasuaji kabla ya kufundishwa pumzi, kikohozi na namna ya kuinuka, na ndugu mmoja afundishwe pamoja naye. Karatasi ya kutoka hospitali isitaje vidonge tu. Iandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, atembee kiasi gani, asibebe nini, mpaka lini. Mzee wetu alirudi na karatasi iliyotaja dawa na tarehe ya kutoa nyuzi, basi. Nasi hatukuuliza. Kosa lilikuwa la pande mbili.

Kwa familia: tuulize. Kuuliza si kumkosea adabu daktari.

Kwa jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na vijana: tunapokwenda kumtazama mgonjwa tusiende kumjazia chumba tukae saa mbili naye amelala. Waende wawili wawili, wamsaidie kuinuka, watembee naye mpaka mwembeni na kurudi, ndipo wakae kusali. Na wasiangalie kadi ya ubatizo. Hapa kwetu majirani walio wengi ni Waislamu, nao ndio hukimbilia wa kwanza mmoja wetu anapougua. Kumshika mkono jirani aliyepasuliwa ni lugha ambayo kila nyumba ya Mkokotoni inaielewa. Padri Fava na wenzake walipofika Unguja mwaka 1860, walikuja na masista na daktari mpasuaji, na hospitali ilikuwa miongoni mwa kazi zao za mwanzo. Kuwahudumia wagonjwa wa dini zote ni urithi wa Kanisa la hapa.

Tunamaliza kwa kuikumbuka habari ya mama mkwe wa Petro, aliyekuwa amelala ana homa. Mwinjili Marko anatueleza kwamba Yesu alimwendea, akamshika mkono, akamwinua. Homa ikamwacha, naye akaanza kuwahudumia. Kitabu cha Matendo kinatueleza tena kwamba Petro naye, miaka michache baadaye, alimshika mkono kiwete aliyekaa langoni mwa Hekalu, akamwinua. Alikuwa amejifunza nyumbani kwake.

Nyumbani kwetu sasa yupo mgonjwa mwingine, mama wa watoto wanne, aliyepasuliwa wiki iliyopita. Jana jioni alitembea kutoka kitandani mpaka kwenye mkungu wa uani, akapumzika, akarudi kwa miguu yake. Tulitembea naye pole pole, mmoja kila upande. Rozari tuliisali baadaye, naye ameketi kitini.